Karatasi Ndiyo Iliyojamba

Leo sina tena uso wa kuonyesha Bukavu. Nahamia Luberizi, nikalime mpunga, nisionane na mtu.

Mambo ni hivi. Citoyen wa fizike, mwalimu wetu, alitufundisha kwa nini bendera ya shule haitulii, hata upepo wa ziwa ukivuma sawasawa. Upepo unasukuma nguo, nguo inajikunja, mkunjo ule unapotosha upepo, na upepo nao unairudisha upande wa pili. Basi, pa-pa-pa siku nzima! Kipande kifupi kinapiga mbio na sauti nyembamba. Kirefu kinapiga polepole, sauti nzito. Kikilowa, kinalala. Akasema hata karatasi ukiipuliza kati ya midomo inafanya vile vile. Leo enspekteri wa shule anakuja, kila mtu awe tayari kuonyesha.

Kila mtu! Hata mimi, ambaye nikiitikia "présent" wananiandika sipo.

Enspekteri akafika, koti lake la abacost limefungwa mpaka kooni, akaketi nyuma kabisa, kando ya banki tunayokalia mimi na rafiki yangu Nsimire. Wenzetu wa mbele wakaanza kuitwa mmoja mmoja. Nikasema ngoja nijaribu mara moja, kimya kimya. Nikaweka karatasi mdomoni. Nilikuwa nimeikata ndefu (nikidhani ndefu ndiyo ya adabu). Nikapuliza kidogo tu, naapa.

Pruuuuuu!

Wakati ule ule enspekteri alikuwa ameinama kuokota kalamu yake.

Darasa zima likageuka. Si kwangu, kwake! Jasho likamtoka. Mimi kwa woga nikaitafuna ile karatasi, kisha nikaitema mkononi. Na hapo ikasikika nyingine. Fupi. Prup. Nikaitazama karatasi yangu. Ilikuwa imelala, haina neno.

"Ni nani ule?" Citoyen akafoka. "Asiposema, banki za nyuma zote zéro!"

Nsimire akanishika mkono. Akipata zéro nyingine ya fizike, anarudia mwaka. Nikasimama.

"Ni miye, Citoyen."

Weee! Kicheko kikapasua paa.

"Furaha, ni weye?" Nsimire akanong'ona. "Zote mbili?"

"Iko karatasi, Citoyen! Hapana tumbo!" nikalia.

"Karatasi ilikula maharagi?" mmoja akauliza kutoka mbele.

"Acheni kelele," Citoyen akasema. "Furaha, onyesha."

Nikapuliza. Fffff. Nikapuliza kwa nguvu zote. Mate yakaruka mpaka kwenye daftari la enspekteri. Sauti, hakuna. Ilikuwa imelowa chapachapa! Ni ile ile fizike ya Citoyen, lakini nani aliikumbuka? Watu walikuwa wanajifuta machozi. Citoyen mwenyewe alijigeuza kwenye ubao, mabega yanamtikisika.

"Sasa inaimba tu wakati haionekani?" yule wa mbele akauliza tena.

Nikatamani sakafu inimeze. Enspekteri ndiye aliyenyanyuka.

"Basi, muache mutoto. Anasema kweli. Niliona karatasi kwa macho yangu." Akajipangusa uso. "Banki ya nyuma, hakuna zéro."

Kengele ikalia. Akatoka akipitia kwangu, akanipa mkono kama mtu mzima, akainama sikioni.

"Aksanti sana, binti yangu. Hata ile ya pili umenibebea."

Kumbe! Ya pili!

Darasa sasa linaniita Tarompeti. Nimekubali, nifanye nini? Lakini msinicheke mno: nusu ya jina hilo si yangu. Imepanda gari, jipu ya serikali, imeenda Kavumu kuchukua ndege.