Trela Kwanza, Pikapu Baadaye

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimepata gari langu. Bado si langu, lakini hilo ni jambo dogo.

Trela ninayo tayari. Okwir, fundi wa kuchomelea hapa Kisugu, alinimalizia wiki sita zilizopita. Vitanda vinne vya kukunja, jiko kwa nyuma, meza inayotoka ubavuni kama droo. Trela ya kupigia kambi, ya kwanza mtaani. Watu wanasema ningeanza na gari. Kuanza na gari kila mtu anaweza.

Ila mke wangu Zuleika amechoka nayo. Imeziba kamba yake ya kuanikia nguo, na kuku wake kumi na wanne wamehamia chini yake. Asubuhi amesema, bila kupandisha sauti, kwamba ikifika Jumapili ya tarehe 17 trela haijatoka uani hata mara moja, kuku watahama kutoka chini kwenda ndani. Zuleika hatishii mtu. Anatangaza.

Mteja pia ninaye. Mwalimu Helen, mstaafu, anataka kwenda na wenzake kupiga kambi ufukweni mwa ziwa, huko mbele ya Luzira, usiku mmoja, Jumamosi ya tarehe 16. Nimemwambia gari lipo. Jirani yangu Obwona, aliyekuwa koplo na bado anatembea kama koplo, naye amemnong'oneza kwamba ana basi dogo na mahema mawili. Helen amesema atakwenda na atakayekuwa tayari siku hiyo.

Basi nikashuka Kisenyi, kwenye yadi ya magari ya Elisée, Mkongomani mmoja mpole sana. Nikakagua pikapu tatu. Moja kubwa mno, vioo vyake vya pembeni visingepita kwenye kichochoro chetu. Moja ndogo mno, trela ingeivuta yenyewe. Ya tatu ya kijani, ya wastani, dizeli, milango minne, na nyuma ina ndoano ya kuvutia trela, tayari kabisa. Nikaingia nikakaa.

Miaka ishirini na minne nimekuwa dereva wa polisi. Pikapu za serikali nimeendesha hadi nikapoteza hesabu. Afande akisema kushoto, ni kushoto. Afande akisema subiri hapa, unasubiri mpaka miguu inakufa ganzi. Sijawahi hata siku moja kuamua mimi gari liende wapi. Nikazungusha usukani wa gari lililosimama, nikaenda Gulu na kurudi. Elisée akauliza, papa Siraje, uko salama? Nikamwambia ni vumbi limeniingia machoni.

Bei imeizidi akiba yangu. Si sana, lakini imezidi. Mtu mjinga angemwambia Elisée ukweli na kumwomba apunguze. Mimi nimekaa na polisi. Shahidi mmoja akisema jambo, ni uongo; wanne wakilisema, ni kesi. Nitatuma watu waende mmoja mmoja waliponde gari hilo. Wiki ijayo Elisée mwenyewe atanibembeleza nimwondolee mkosi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemtuma shemeji yangu Dawudi. Nilimwagiza aseme matairi yamekwisha. Ameyapiga teke yote manne, akasema hata kichwa cha baba yake kilikuwa na nywele nyingi kuliko hayo. Elisée amemshukuru sana kwa ushauri.

Nimemlipa Dawudi rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai mawili. Amesema kwa mayai matatu angetukana na injini.

Alhamisi, 7 Agosti

Zamu ya Okwir. Nilimwambia aseme springi zimechoka. Shida ya Okwir ni kwamba hajui kusema uongo, kwa hiyo alilala kwanza chini ya gari akazitazama, akakuta kweli moja imechoka kidogo, akasema hiyo moja tu. Amerudi na soda mkononi. Anasema Elisée ni muungwana.

Jioni nimepita Kisenyi mwenyewe, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kwingine. Pikapu ya kijani ina matairi mapya manne. Elisée amenishika mkono kwa furaha. Eti mteja mmoja alimfumbua macho kuhusu matairi, leo fundi mmoja amemweleza springi, kesho anabadilisha zote. Bei nayo ameipandisha kidogo ili ilingane na gharama.

Nimempongeza.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimetafakari msikitini, Mungu anisamehe, wakati wa hotuba. Kosa halikuwa la mpango. Kosa lilikuwa kuchagua kasoro zinazotengenezeka. Lazima niponde kitu ambacho gari limeumbwa nacho.

Jibu nimelipata kabla ya kuvaa viatu. Ndoano! Imechomelewa kwenye chasisi yenyewe, haiendi popote. Tena Kampala hii nzima nani anaitaka zaidi yangu? Mtu akiilaumu ndoano, Elisée hana la kufanya ila kushusha bei.

Nimemwendea Rukiah, muuza nyanya wa pale kona, mwanamke mwenye kipaji. Nimemweleza aseme alipita nyuma ya pikapu hiyo ndoano ikamgonga ugoko. Ameuliza kama nina bandeji.

Jumamosi, 9 Agosti

Rukiah ameweza. Amechechemea kuanzia teksi inapoishia hadi yadini, akalia kidogo, akasema ndoano ile itakuja kuvunja watoto wa watu miguu. Elisée amempa kiti, maji, na nauli ya boda mpaka nyumbani. Rukiah anasema ilikuwa aibu kumdanganya mtu mzuri namna ile, na kwamba nikimhitaji tena yupo.

Obwona amenikuta langoni akaniuliza gari langu linakuja lini. Nimemwambia liko njiani. Akauliza njia ipi. Mtu huyu hana adabu.

Jumatatu, 11 Agosti

Leo ni pigo la mwisho. Nimemtuma Zuleika, kwa sababu Elisée hamjui na kwa sababu hakuna mtu anayeweza kusonya kama Zuleika. Maagizo yalikuwa mafupi. Alitazame gari, asonye, aseme rangi mbaya, ataje bei ya chini, aondoke. Kesho kutwa naja mimi na bei ya juu kidogo ya hapo, napokewa kama mkombozi.

Zuleika aliuliza kwa nini nisimwambie tu yule baba nina kiasi gani. Nikacheka. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu njia fupi inaokoa dizeli.

Ametoka saa nne na gurbaba yake ya sikukuu, shuka iliyotariziwa ya kujifunga kiunoni. Amerudi saa tisa. Amekula kwanza. Kisha akasema gari ni zuri, alikaa nyuma wakazunguka nalo, hakusikia shimo hata moja. Nikamuuliza kama alisonya. Akasema alisahau.

Halafu akatoka kwenda kwenye mkutano wa kina mama wenzake wanaopika pamoja harusini na msibani. Wanakutana mno wale. Sijui wanazungumza nini.

Jumatano, 13 Agosti



Nimefika Kisenyi asubuhi na shati la pasi. Pikapu ya kijani ilikuwa imeoshwa, springi mpya, matairi mapya. Nikazunguka nyuma kuiona ndoano yangu. Nyuma palikuwa laini kama shavu la mtoto.

Elisée amenieleza kwa huzuni. Kuna mama aligongwa mguu. Alilia. Yeye Elisée siku mbili chakula hakikumshuka, akatafuta fundi aje aikate. Fundi gani? Okwir, yule aliyempenda kwa ukweli wake.

Nimekwenda mbio kwa Okwir. Amesema nilimwambia gari lipondwe, sikumwambia lisikatwe. Alidhani ni sehemu ya mpango, kwa sababu mipango yangu huwa haielewi.

Na hilo si baya zaidi. Baya zaidi, gari limeuzwa jana, linasubiri tu kuchukuliwa. Wamelinunua kina mama fulani. Elisée anasema hawakumzungusha, walimwambia pale pale wana kiasi gani, akafurahi kupata watu wakweli, akawapunguzia mpaka akajishangaa. Bei aliyowapa ni sawasawa na akiba yangu. Nimemuuliza ni kina mama gani. Amesema ni kikundi, na kiongozi wao ni mama mmoja anayecheka kwa nadra, aliyeuliza nyuma yanaingia masufuria mangapi.

Simjui. Nitawajuaje kina mama wote wa Kampala?

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekaa kwenye ngazi ya trela tangu asubuhi. Kuku wamenizoea. Mmoja amepanda gotini kwangu.

Obwona amevuka kichochoro kuja kunipa pole. Akasema trela hii ikiwekwa dirisha itakuwa kibanda kizuri cha chipsi. Keshamweleza Helen asiwe na wasiwasi, basi lake limejaa mafuta. Niliona uchungu hasa, si uchungu wa hesabu. Niliona miaka ishirini na minne yote, na ule usukani niliouzungusha pale yadini.

Saa kumi na moja honi ikalia langoni. Pikapu ya kijani. Dawudi anaendesha, vibaya, na pembeni yake Zuleika kanyooka kama afande wa mkoa. Nyuma kina mama saba wanapiga vigelegele.

Kumbe ni wao. Wameweka akiba miaka mitatu kwa sababu wamechoka kukodi magari ya kubebea masufuria. Na mimi nikidhani sanduku lao la michango ni la kununulia vijiko.

Nilikasirika kama dakika nne. Nikamuuliza Zuleika kwa nini hakusema. Akasema nilimtuma akalione gari, akaliona. Kisha akaniwekea ufunguo mkononi. Akasema kikundi kinahitaji dereva, na yeye amewaambia wenzake anamjua mmoja ambaye miaka ishirini na minne hajakwaruza gari la mtu. Halafu akasema, taratibu kidogo, kwamba Jumamosi hakuna harusi wala msiba. Jumamosi gari litakwenda nitakakosema mimi.

Nikaingia ndani kunywa maji. Nilikunywa gilasi tatu.

Ijumaa, 15 Agosti

Okwir alikuwa bado na ndoano, anaitumia kushikilia mlango wa karakana yake usifungwe na upepo. Ameichomelea upya. Anasema sasa ni imara kuliko ilivyozaliwa. Rukiah alikuja kutazama akamwonya fundi aangalie, kitu kile kilishamvunja mguu. Alionyesha mguu mwingine.

Jumapili, 17 Agosti

Tumerudi. Tumekwenda na tumerudi!

Jana alfajiri trela ilikataa kutoka, magurudumu yalikuwa yameota udongoni. Pikapu ikaguna mara moja, ikaivuta kama jino bovu. Kuku wakatusindikiza hadi barabarani. Nikasimama kwa Helen na honi ndefu. Walimu wakatoka na mito yao. Sita. Pikapu inabeba dereva na wanne. Trela ina vitanda vinne. Nilipima gari, nilipima trela, walimu sikuwapima.

Obwona alikuwa amesimama upande wa pili na basi lake, mikono kifuani. Nilivuka mwenyewe nikamwomba. Alifungua mlango wa basi, kisha akasema hata hivyo mahema yake yalihitaji jua.

Kwenye njia panda Helen akaniuliza tunapita wapi. Nikasubiri amri. Kisha nikakumbuka. Nikasema tunapita kulia. Kulia kulikuwa na foleni ya saa nzima, lakini ilikuwa foleni yangu.

Usiku trela ilisimama sawa, chai ilichemka, walimu waliimba nyimbo za shule mpaka mlinzi wa ufukwe akaja, akaimba nao. Asubuhi kwenye kitanda cha Helen kulikuwa na yai. Kuku mmoja alikuwa amesafiri nasi bila kujulikana. Helen amedhani ni huduma, amesifu sana.

Jumatatu, 18 Agosti

Mwalimu Helen amepiga simu. Desemba wanakuja kumi na wawili. Zuleika ametazama kalenda ya harusi akasema gari nitapewa. Kuku wamerudi chini ya trela, si ndani.

Kwa watu kumi na wawili nahitaji mahema. Ya Obwona nimeyakagua kwa macho yangu pale ufukweni, hayavuji, zipu laini, na nasikia anaweza kuyauza. Zuleika anasema nivuke kichochoro nimwambie nina kiasi gani. Nimecheka.

Nimeshapanga. Kesho Dawudi ataenda aseme zipu zinauma vidole. Alhamisi Rukiah atajikwaa kwenye kamba za hema. Obwona anamjua, lakini atavaa miwani. Mwisho kabisa nitamtuma Zuleika akasonye na kutaja bei ya chini. Safari hii nimemwandikia maagizo kwenye karatasi.

Amekubali haraka sana, na hiyo ni dalili njema. Ameuliza swali moja tu, kama chini ya hema moja wanaweza kukaa wageni hamsini wa harusi.