Mpaka wa Kihamba, Sehemu ya Pili

Jumatatu, 8 Desemba 2025

Hili sijamwambia mtu, hata Bibi ninayelala naye chumba kimoja: igizo la nyimbo la mwaka jana, Mpaka wa Kihamba, niliandika mimi. Mimi! Yuditha wa kidato cha tatu, ambaye mwalimu akiniuliza swali nashindwa kujibu kwa Kiingereza, na akinionea huruma nashindwa kwa Kiswahili pia.

Nililiingiza chini ya mlango wa Mwalimu Wilson wa kwaya, bila jina, nikakimbia. Kornel na Sylvanus, ndugu wawili, wanagombania mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo. Mwishoni Kornel anakuja na jani la isale, mmea uleule wa mpakani, limepigwa fundo, kuomba msamaha. Sylvanus analipokea, wanaimba pamoja. Basi. Ukumbi mzima wa usharika hapa Marangu ulilia. Waliokuja Krismasi kutoka Dar walilia huku wanarekodi. Bibi alilowesha ncha zote mbili za kitenge, na mwaka mzima anauimba ule wimbo wa mwisho akimkatia ng'ombe majani.

Sifa kachukua nani? Davis wa kwaya yetu. Hakusema ameandika, hapana. Aliulizwa, akatazama chini, akatabasamu. Unyenyekevu wa ajabu.

Jana Mwalimu Wilson katangaza kanisani: Sehemu ya Pili itachezwa tarehe 27, na mwandishi ni Davis. Davis akatabasamu tena. Safari hii kidogo.

Alhamisi, 11 Desemba

Davis hajaandika hata mstari. Kawaambia wenzake anasubiri upako. Upako!

Mpango: naandika mimi, naingiza chini ya mlango, linachezwa, watu wanalia kuliko mwaka jana. Halafu nasimama katikati ya ukumbi na gauni langu la kipaimara, nasema yote mawili ni yangu. Nimefanya mazoezi ya kusimama mbele ya ng'ombe. Sauti haikutoka, ila alinisikiliza kuliko darasa letu.

Tatizo dogo. Kornel na Sylvanus walishapatana. Watu waliopatana hawana cha kuimba.

Jumapili, 14 Desemba

Nimepata! Sylvanus anabadili mawazo. Analitupa isale, anang'oa mpaka. Nyimbo tisa za ugomvi! Nimeongeza na mapacha, mtalii na radi. Mwaka jana radi haikuwepo. Sijui watu walivumiliaje.

Nimeingiza chini ya mlango baada ya ibada ya pili. Nimekimbia.

Jumamosi, 20 Desemba

Mazoezi. Mimi sauti ya pili, safu ya mwisho, nyuma ya nguzo. Mwalimu Wilson akamshukuru Davis mbele ya wote kwa kuacha kazi yake mlangoni kimyakimya kama mwaka jana. Davis akasema utukufu ni wa Bwana. Nilitaka kuing'ata nguzo.

Magreth, anayecheza mke wa Sylvanus, akauliza mume wake anatupaje isale alilokwisha kulipokea, mbona hata babu yake mlevi hajawahi kufanya hivyo. Davis akamjibu kwamba sanaa ina mafumbo. Nilikubaliana na Davis. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 27 Desemba

Aibu. Aibu. Aibu.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Kabla pazia halijafunguliwa watu wakaanza wenyewe kuimba wimbo wa mwaka jana. Vizuri mno. Tungefunga na sala, twende tukale nyama.

Wimbo wa tatu, Sylvanus akatupa isale chini. Hakuna hata chozi. Mzee Eliona akanyanyuka na fimbo yake, akauliza huyo ni mtoto wa nani. Wakamwambia ni maigizo, mzee. Akasema hata kwa maigizo! Ukishapokea isale kesi imekwisha, kaa chini unywe mbege! Makofi. Ndiyo makofi pekee tuliyopata.

Radi ikapigwa mapema, mtalii akashtuka, akamkanyaga pacha. Kufikia wimbo wa sita nusu ya ukumbi ilikuwa nje kwenye nyama.

Nilikuwa na gauni chini ya joho la kwaya. Nikaanza kunyanyuka hivyohivyo. Davis akaniwahi. Akashika kipaza sauti, akaapa la mwaka jana ni lake, ila hili la leo liliokotwa mlangoni, na aliyeliandika ajitokeze. Vichwa vyote vikageuka kutafuta. Nikakaa kwa nguvu. Gauni likachanika.

Jumapili, 28 Desemba

Kanisani Mwalimu Wilson kasema mwandishi asiogope, aje na isale. Anayekuja na isale hakataliwi.

Safi sana. Nikijitokeza napewa la pili. La kwanza linabaki kwa mwenye tabasamu.

Nikamuuliza Bibi, kwa mbali, kama alilipenda. Akaniambia, mjukuu wangu, kila nikitaka kuuimba ule wimbo namwona yule mpumbavu anatupa isale. Leo amekata majani kimya, kuanzia mgomba wa kwanza hadi wa mwisho.

Hapo sina mzaha.

Jumatatu, 29 Desemba

Bibi hajaimba leo pia. Nimekaa nimefikiri kosa langu. Igizo la kwanza lilikuwa limekwisha. Ili liendelee ilibidi nilivunje. Watu hawakutaka kujua baadaye kulitokea nini. Walitaka kubaki palepale, wale wawili wameshikana mikono. Nimeelewa. Nimeelewa kabisa!

Kwa hiyo: Sehemu ya Tatu. Inagundulika Sehemu ya Pili yote ilikuwa ndoto ya yule mtalii. Kornel na Sylvanus wanapatana mara mbili. Radi mbili. Bibi ataimba hadi ng'ombe achoke.

Watalikataa? Hawawezi! Nimekata isale pale mpakani kwetu, nimelipiga fundo, nimelifunga kwenye karatasi zangu. Mwalimu katamka mwenyewe madhabahuni. Naliingiza chini ya mlango leoleo, bila jina. Jina nitalisema siku ya onyesho. Gauni liko kwa fundi.

Bibi yuko nje, anauliza kwa sauti ni nani aliyekata isale la mpakani, tena kwenye mche aliopanda marehemu Babu. Nyayo. Zinakuja huku. Karatasi zimeingia chini ya godoro, na daftari hili linafuata. Isale haliingii, refu mno, linachungulia. Ataniuliza naomba msamaha wa nini.

Nitasema ni la Davis.