Pande Zote Mbili Ni Mimi

Jumatatu, 7 Aprili 1997

Nimeamua. Mimi Wilibrodi, karani wa duka la ushirika mpaka ushirika ulipojifia, kuanzia leo ni msanii. Sijamwomba mtu ruhusa. Hizi ni enzi za soko huria, kila mtu anauza alichonacho. Jirani anauza mitumba. Mimi nina kipaji.

Sababu ni Bi Hellena. Ametoka Dar es Salaam, wa shirika fulani la wafadhili, amefikia kwa masista. Anatafuta mchezo wa mtu mmoja kuhusu ugomvi wa kweli kati ya jamii mbili, kwa maneno ya wagombanaji wenyewe. Msanii anakwenda kuwasikiliza, kisha anawaigiza wote peke yake. Mchezo utakaompendeza utakwenda kwenye tamasha Dar. Nilimwambia ninao tayari, aje Jumamosi autazame. Sina hata jina la mchezo.

Ila ugomvi upo, tena mbichi. Mwezi uliopita Mzee Nyanda, Msukuma wa Milepa, aliwapandisha ng'ombe kutoka bondeni. Walikuwa mahari, wanakwenda ng'ambo ya mji kwa wazazi wa Kabula, mchumba wa mwanawe Shigela. Wakapita shambani kwa Mzee Leonidas, Mfipa mwenzangu, mzee wa kanisa hapa Malangali. Matuta yake yakawa chapati. Mawe yakaruka. Maneno ya rudini kwenu yakaruka pia. Leonidas akamkamata ng'ombe mmoja mwenye baka jeupe usoni na kumfunga uani kwake, yuko huko mpaka leo. Wakwe hawapokei mahari yenye pengo, kwa hiyo harusi imekwama. Sokoni Wafipa hawanunui maziwa ya Msukuma, na Msukuma hagusi ulezi wa Mfipa. Msiba kwao, riziki kwangu.

Bi Hellena aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli watu wa Sumbawanga tunatumiana radi. Nilimwambia zamani. Tangu soko lifunguliwe hata radi zinatoka nje.

Dada yangu Cornelia, ninayeishi kwake, anataka kesho tukapige matuta kabla mvua hazijakatika. Nilimjibu kwamba msanii hutunza mikono yake. Akasema vizuri, na tumbo nilitunze mwenyewe.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeazima redio kaseti. Kanda tupu sina. Nimetumia kanda ya kwaya ya Raymond aliyoisahau hapa tangu Pasaka. Raymond ni mwalimu wa kwaya na adui wa maendeleo yangu. Naye ameandaa mchezo kwa ajili ya Bi Hellena, wa watu ishirini, unaitwa Umoja. Watu ishirini! Hajasikia kwamba serikali inapunguza wafanyakazi.

Nikaenda kwa Mzee Leonidas. Shikamoo ya kwanza hakuiitikia, ya pili akaitikia nusu. Ng'ombe mwenye baka alikuwa uani anatafuna paa la banda. Mzee analalamika kwamba mfungwa wake anakula kuliko mlinzi. Aliongea sana. Kwamba matuta yale ndiyo ulezi wa mwakani. Kwamba ng'ombe hana hata haja naye, alimshika kwa sababu wenyewe walipita bila kurudi kusema pole, na angesikia pole moja tu angemfungua siku ileile. Hapo nilizima redio. Pole haina mchomo. Watazamaji wanataka mawe.

Ufunguo wa ukumbi wa parokia anao yeye. Akauliza mchezo utaonyesha nani mwenye haki. Nikamwambia Mzee, utaonyesha Wafipa tulivyoonewa. Akanipa ufunguo.

Jumatano, 9 Aprili

Milepa. Nimeteremka na lori la mnadani, nimekaa juu ya magunia ya chumvi. Joto la bondeni ni adhabu kwa mtu wa juu.

Mzee Nyanda alinipokea kwa maziwa mgando na kiti kizuri. Shigela alikaa pembeni, amekonda. Kabula ametuma ujumbe kwamba kuna mwalimu wa shule anapita kwao mara kwa mara, na mwalimu huyo ana baiskeli mpya. Nilimhurumia kijana, kweli nilimhurumia. Nikamwomba alie kidogo karibu na redio. Akakataa.

Mzee Nyanda anasema hakuona shamba. Aliona vichuguu vya udongo vya mviringo, havina jani wala mche, akajua ni pori la mtu aliyehama. Anasema pia amekuwa akisubiri aitwe kikaoni, maana kwao mtu haendi kwenye boma la mwenye hasira bila kuitwa. Mambo marefu. Nimeyakata yote. Nimebakiza pale anaposema Wafipa wana roho ndogo.

Akauliza mchezo utasemaje. Nikamwambia Mzee, utaonyesha Wasukuma mlivyodhulumiwa. Ameahidi kuja na lori zima la watu.

Usiku huu nimepata wazo ambalo Raymond hawezi kulipata hata akifunga siku arobaini. Nitacheza mara mbili! Asubuhi kwa watu wa Milepa, Wasukuma washinde. Jioni kwa watu wa Malangali, Wafipa tushinde. Bi Hellena nimemwalika jioni. Kila mtu atarudi kwake na haki yake mfukoni.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimefanya mazoezi mbele ya kuku wa Cornelia. Nikivaa kofia mimi ni Leonidas. Nikijifunga shuka na kushika fimbo mimi ni Nyanda. Nikivua vyote mimi ni Haki.

Tatizo moja la kanda. Mzee Nyanda akifika penye roho ndogo, sauti nne za kwaya zinaingia kwa Aleluya. Nitasema ni sanaa.

Raymond amejua, nadhani kuku wana midomo. Alisimama getini akasema mchezo wa mtu mmoja ni mchezo wa mtu aliyegombana na wenzake wote. Nikamwambia simba hawindi kwa kwaya. Akaulizia kanda yake. Nikaingia ndani.

Ijumaa, 11 Aprili

Jukwaa limekamilika. Nimejaza toroli udongo mara nyingi nisizoweza kukumbuka na kutengeneza matuta matano halisi katikati ya ukumbi. Kwa wageni nieleze: matuta ya kwetu ni ya mviringo, tunayaita ntumba. Mfipa akiona ntumba moyo wake unatulia. Juu nimeyapamba kwa nyasi ndefu za kijani, kila tuta na kishungi chake.

Cornelia alikuja na chai, akayatazama matuta yangu muda mrefu. Akaniuliza lini mara ya mwisho nilishika jembe. Nilimwambia asichanganye kilimo na utamaduni. Akaondoka anacheka mpaka barabarani. Wivu wa ndugu ni mbaya kuliko wa jirani.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika nikiwa na udongo masikioni. Nitaeleza kwa utaratibu ili vizazi vijavyo vijue nani alikosa. Si mimi.

Asubuhi sikupata hata mtu mmoja. Mvua ilinyesha mlimani, lori la Milepa likakwama kwenye tope. Nilingoja mpaka mchana. Likafika jioni, watu wametapakaa matope, Mzee Nyanda mbele. Na kupitia mlango wa pili wakaingia Malangali yote, Mzee Leonidas mbele. Wakakaa upande huu na upande ule. Katikati nafasi tupu, na Bi Hellena kwenye kiti chake peke yake, na kalamu.

Mtu mwingine angekimbia. Nilijifunga shuka.

Nilianza na Nyanda. Nikawavuta ng'ombe kwa kamba, mimi mbele, nahema, navuta, navuta. Wafipa wakacheka sana. Nikavaa kofia, nikawa Leonidas, nikapiga kelele kama mama mkwe aliyeibiwa kuku. Wasukuma wakacheka sana. Nikajisemea umewashika, Wilibrodi. Nikageuka haraka, kofia, shuka, kofia. Nilipofika penye roho ndogo hakuna aliyecheka. Nilipofika penye rudini kwenu hata watoto walinyamaza. Nikaona vijana wa pande zote mbili wamesimama, na Shigela akiwa wa kwanza.

Nikajua sasa mawe yanakuja. Nikakanyaga tuta la kwanza kuonyesha ng'ombe walivyofanya.

Hapo Mzee Leonidas akasimama. Hakumtazama Nyanda. Alinitazama mimi. Akauliza yale ni nini. Nikasema ntumba, Mzee. Akauliza nani aliyenifundisha kuweka nyasi juu. Akapanda jukwaani na koti lake la kanisani, akapiga magoti, akabomoa tuta langu kwa mikono na kulijenga upya. Akasema nyasi hukatwa zikalazwa chini, udongo ukazifunika, zioze ndani ziwe mbolea. Akasema Mfipa anayeweka nyasi juu anafuga nyoka. Ukumbi ukalipuka. Cornelia alikuwa amejishika mbavu.

Mzee Nyanda naye akapanda. Nilidhani anakuja kupigana, nikampisha. Kumbe anataka kuona. Akachungulia tuta alilolitengeneza Leonidas, akaingiza mkono, akauliza kama kila kichuguu kilikuwa na nyasi ndani namna hiyo. Leonidas akasema kila kimoja, kwa mkono wake na wa mkewe. Nyanda akautoa mkono, akajifuta udongo. Kisha akasema mbele ya watu wote kwamba kwao shamba ni lile lenye kitu kilichoota. Hakujua kwamba Mfipa analima nyasi kwanza. Angejua angewazungusha ng'ombe mpaka bonde la pili. Akasema pole, mzee mwenzangu. Akasema aliniambia maneno haya Jumatano, akashangaa kutoyasikia.

Leonidas akasema hata yeye aliniambia anasubiri pole, naye hakuisikia. Wote wawili wakanigeukia.

Nilijitetea kwamba katika mchezo wa dakika arobaini huwezi kuweka kila kitu. Mzee Nyanda akaniuliza, kwa upole kabisa, ni Msukuma yupi niliyemwona akivuta ng'ombe kwa kamba kama mbuzi wa sikukuu. Ng'ombe huswagwa, wewe unakuwa nyuma, unapiga mluzi. Akapiga mluzi. Leonidas akasema huyu kijana hajui ng'ombe. Nyanda akasema wala jembe. Leonidas akasema wala aibu. Ukumbi mzima ulicheka pamoja, safu za huku na safu za kule, wakishikana mabega. Kijana mmoja wa Milepa akavaa kofia yangu, binti mmoja wa Malangali akajifunga shuka langu, wakaniigiza mimi. Walinipatia vizuri sana. Nilichukia.

Bi Hellena alikuwa anaandika bila kuinua kichwa. Nikamwendea kumweleza kwamba kipindi hiki hakimo kwenye mchezo. Akaniomba nisimzibe.

Jumapili, 13 Aprili

Leo baada ya misa ya kwanza Mzee Leonidas alimfungua ng'ombe mwenye baka. Nyanda amewaacha Shigela na vijana wake wakae wiki nzima kupiga matuta upya. Leonidas anawasimamia na kuwatukana kwa furaha. Wake zao wanasonga ugali jiko moja. Ng'ombe wamekwishaondoka kwenda kwa kina Kabula, wameswagwa, mluzi unasikika mpaka barabara kuu. Baiskeli mpya ya mwalimu haitafaa kitu.

Na tamasha? Bi Hellena anawachukua wazee wawili. Wazee wawili! Kwenye mchezo wa mtu mmoja! Watakwenda Dar wakabishane kuhusu nyasi mbele ya wafadhili. Raymond naye hakupata kitu, hilo ni faraja. Ila alikuja kuchukua kanda yake, akaisikiliza palepale getini. Mzee Nyanda akimaliza kusema roho ndogo, sauti ya kwanza ikapanda. Raymond akaizima redio yake, akaondoka na kanda. Ananiogopa.

Shigela alipita kunialika harusini. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akasema bila mimi asingeoa. Macho yake yalikuwa na maji. Sasa ndiyo analia, redio nimesharudisha! Nilimwambia nina shughuli. Ni kweli iliniuma. Mwezi mzima watu hawa walikuwa na ugomvi mzuri, wenye pande mbili zilizonyooka, wakauharibu kwa jioni moja na tuta langu mwenyewe.

Cornelia aliniwekea ugali, na maharage, na mtindi wa Milepa. Akasema kesho twende shambani, atanionyesha taratibu, hakuna atakayenicheka. Alisema kwa huruma kabisa. Nilikula nikiwa nimemgeuzia mgongo.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeamka alfajiri, sikwenda shambani. Nilikwenda stendi.

Dereva mmoja amenieleza kwamba Kasanga, kule ziwani, wavuvi na wenye maboti ya mizigo hawaongei. Boti moja ilipita juu ya nyavu. Wapo watu wa kwetu, wapo Wakongo, wapo wa Zambia, kila mtu na lugha yake ya kutukana. Pande tatu! Hellena atajuta.

Nimeshatuma salamu kwa wavuvi kwamba mchezo wangu utaonyesha walivyoonewa. Wenye maboti nao nimewatumia salamu zao. Nimeazima redio tena. Kanda ninayo, ni ya harusi ya binamu.

Nimekaa juu ya mizigo, lori linaunguruma. Chini ya miguu nina wavu mzuri wa jukwaani, nimeushona mwenyewe hapa stendi kwa kamba za katani za magunia. Dereva ameutazama, akauliza ni wa kuvulia nini. Nikamwambia aendeshe gari.