Doa la Paja na Fahali wa Osiako

Jumatatu, 3 Machi
Nimekatwa! Mimi, Titus Khisa wa Malinya, niliyezoea kuruka na fimbo mbele ya mafahali, nimelala kifudifudi hospitalini Kakamega nikakatwa paja. Sikulia. Ganzi ilisaidia.

Ni lile doa jeusi nyuma ya paja. Kageha, mke wangu, amekuwa akilisema tangu Krismasi: limepanuka, lina rangi mbili, kingo zake zimepinda. Mimi siwezi kuliona bila kuvunja shingo. Mwanamke ana macho yule! Daktari Jepkoech alieleza kila hatua kabla ya kunigusa. Ameliondoa lote pamoja na ngozi kidogo yenye afya pembeni, akalitia kichupani liende kupimwa maabara. Ndiyo biopsi yenyewe. Nyuzi tano. Majibu wiki mbili. Nikamwuliza kama ni kansa. Akasema hajui na hatakisia. Sijawahi kuona msomi akikiri hajui bila haya. Nimemheshimu papo hapo.

Ila naogopa. Nasema hapa tu.

Jumatano, 5 Machi
Nachechemea. Sokoni wakauliza kulikoni. Mwanamume wa Malinya aseme amekatwa doa? Nikasema pembe. Pembe ya nani? Mdomo ukajibu wenyewe: ya Radi, fahali wa jirani yangu Osiako, alitoroka bomani alfajiri. Heshima iliyofuata! Nimenunuliwa chai mara tatu. Mzee mmoja mkorofi akauliza mbona pembe imeingilia nyuma. Nikamwambia nilikuwa nageuka nimkabili.

Kageha kasikia. Amesema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu kwa kuchechemea huku itanichukua muda.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Kamati ya uwanja wa mafahali imemzuia Radi asipigane na fahali mwenzake kesho. Wanasema fahali anayechoma watu njiani si wa kuaminiwa. Osiako amemlisha molasi tangu Desemba, anamwimbia kila asubuhi. Nilienda kusema kweli. Nikafika mpaka kwenye ua wake. Nikarudi.

Jumapili, 9 Machi
Osiako kaja. Nikajifungia chooni, Kageha akamwambia nilipo. Nilitarajia rungu. Kaleta ingokho! Jogoo mzima, kuniomba msamaha kwa niaba ya fahali wake. Eti amelikagua boma, akaona upenyo, ameuziba. Nimemla kwa obusuma, ugali wetu, huku nimeinamisha kichwa. Kageha hakugusa kitu. Kisha Osiako akaapa siku ya kurudi hospitali atanipeleka mwenyewe kwa pikipiki yake. Nimekataa mara nne. Jirani mwema ni taabu.

Jumatatu, 17 Machi
Mpango ulikuwa rahisi: Osiako abaki langoni. Nilimwambia wageni hawaruhusiwi. Lakini nilipoitwa, Osiako aliingia nyuma yangu. Nilimwona daktari ameshika karatasi, nikajiona jeneza. Jepkoech akauliza huyu bwana ni nani, na kama nataka asikie. Nikamshika Osiako mkono. Nikasema abaki.

Si kansa. Nimeandika tena: si kansa. Ila jibu halikuishia hapo, na daktari hakunificha. Seli za doa zimeanza kubadilika vibaya. Zingeachwa, huenda zingefika huko. Na upande mmoja zimegusa ukingo wa kipande kilichokatwa, kwa hiyo hawezi kuapa kwamba zote zimetoka. Akachora. Akasema ni kama kiazi kilichooza upande: unakata mpaka uone peupe pande zote. Basi Ijumaa ananikata tena, mara hii kwa upana zaidi. Baadaye ngozi ikaguliwe kila miezi sita. Daktari mzima, na amenieleza kwa kiazi! Nililia. Osiako akauliza maswali mazuri kuliko yangu: laweza kurudi? Dalili zipi tuangalie?

Pembe haikutajwa. Tulipofika kwenye pikipiki, Osiako alinipangusia kiti. Ndipo akasema taratibu kwamba Radi hakunigusa. Nikakubali. Akasema hata kwa doa angeniletea jogoo.

Afadhali angenipiga.

Jumanne, 18 Machi
Osiako ameenda kwa kamati asubuhi. Hakunianika. Amesema tu kwamba mimi na Radi tumepatana. Jumamosi Radi anapigana. Mtu kama huyo hazaliwi mara mbili! Na Kageha, ambaye macho yake yameniokoa, amenichemshia maji ya kuoga bila hata kunisuta. Nimezungukwa na watu wakubwa. Nimeona aibu kweli.

Nimetafakari mchana kutwa, na nimeapa: sitamsingizia Radi tena kamwe. Isitoshe, kidonda cha Ijumaa kitakuwa kikubwa, na pembe za Radi ni fupi, watu watashuku. Makhanu wa ng'ambo ya mto ana fahali mweusi, pembe ndefu ajabu. Tena anafuga bata mzinga.