Meno Thelathini na Manne

Jumatatu, 3 Machi

“Anayeanza baiskeli aanze na gia nyepesi, kilima hakijui cheo cha mtu.” Ndivyo alivyotamka shemeji yangu jana mezani, mbele ya mke wangu, mdomo umejaa mkate. Uongo mtupu, tena wa pande mbili. Kwanza, kilima hakijui chochote, si cheo tu. Pili, anayeanza na wepesi huzoea wepesi, na mwisho atataka mtu mwingine ampandie kilima. Nimesoma historia ya kutosha kuhusu kuanguka kwa himaya. Hakuna hata moja iliyoangushwa na gia nzito.

Nikamwambia hayo yote. Akauliza kama ndiyo sababu Jumamosi nilionekana naisukuma baiskeli yangu mpya kwa mikono kwenye Kilima cha Tangi. Nikasema nilikuwa nakagua lami.

Mke wangu hakucheka. Dalili mbaya. Daktari ameniagiza mazoezi kwa ajili ya shinikizo la damu, na mke wangu ndiye msimamizi. Akatoa hukumu: Jumapili nipande kilima kile mpaka kwenye tangi la maji, mguu usiguse chini. Nikishindwa, baiskeli inakwenda kwa mpwa wangu, nami nitatembea kila asubuhi na shemeji.

Shemeji ni mpima ardhi mstaafu. Akitembea husimulia migogoro ya mipaka, kiwanja baada ya kiwanja, kwa namba. Mwaka jana nilifuatana naye hadi posta tu. Mpaka leo naota kiwanja namba kumi na saba.

Sitashindwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshindwa. Mazoezi tu, hayahesabiwi. Nilifika kwa kinyozi, theluthi moja ya kilima, magoti yakagoma. Kinyozi akatoka na taulo begani, akaniletea kigoda, akasema nipumzike mzee wangu, kilima hakihami. Nikamwambia namsubiri mtu. Akauliza nani. Nikasema hajafika.

Mpango: niwekewe gia nyepesi kwa siri. Si kwamba shemeji amesema kweli. Kubadili msimamo ni jambo moja, kubadili chuma ni jingine, na wanafikra wakubwa wote wamefanya la pili.

Nikaenda kwa fundi baiskeli. Akainama kwenye friwili, yaani lile rundo la maduara ya meno katika gurudumu la nyuma, akahesabu kwa ncha ya bisibisi. Duara kubwa kuliko yote lina meno ishirini na matano. Akasema hilo ni la vijana wa mashindano. Anayeanza yanamfaa meno thelathini na manne, na cheni iongezwe pingili chache.

Nikamuuliza: nimekuja kutafuta wepesi, wewe unaniongezea? Sufuria kubwa ni nzito kuliko ndogo. Ng'ombe ni mzito kuliko mbuzi. Akasema duara la mbele ndivyo lilivyo, ila la nyuma ni kinyume: likiwa kubwa, mguu unapumua. Nikamwambia nimesoma vitabu vitatu vya mantiki. Akauliza kama hata kimoja kina cheni.

Nikaagiza meno ishirini na moja. Akasema, “Sawa, Profesa,” kwa sauti ya mtu anayemfungulia mlango mgeni anayetoka bila mwavuli.

Jumatano, 5 Machi

Sikufika hata kwa kinyozi. Nilimwona kwa mbali tu. Kigoda alikuwa ameshakitoa nje.

Magoti yanalia kama bawaba. Nimejipaka dawa ya misuli kisirisiri, lakini nyumba nzima inanuka karafuu na aibu. Mke wangu akauliza kama mtu niliyekuwa namsubiri amefika. Sikumbuki kumsimulia habari hiyo. Huenda kinyozi ana mdomo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudi kwa fundi, si kuomba radhi, bali kumhoji. Hakubishana. Hiyo ndiyo tabia mbaya ya mafundi, hawabishani. Akaitundika baiskeli kwenye ndoano, akachora mstari wa chaki kwenye tairi, akaniambia nizungushe pedali mara moja tu. Gurudumu likazunguka mara mbili na nusu. Akalifunga duara la meno thelathini na manne, akaniambia nizungushe tena. Mara moja na nusu, na pedali ikaenda kwa kidole kimoja, kama kukoroga chai.

Akaeleza: mzunguko mmoja wa mguu ukiisogeza baiskeli mbali, mguu unabeba mzigo mkubwa, ukiisogeza kidogo, mzigo ni mdogo. Kilimani unataka kidogo kidogo.

Nikamwambia ndivyo nilivyokuwa nasema tangu Jumanne. Akaendelea kufuta mikono. Lile la meno ishirini na moja akalitundika kwenye msumari na kuandika chini yake kwa chaki: PROFESA. Nikauliza kwa nini asilirudishe kabatini. Akasema halitakaa sana.

Jumamosi, 8 Machi

Tatizo. Duara jipya lina ukubwa wa sahani ya chakula, linang'aa kama jino la dhahabu. Shemeji amepima ardhi miaka thelathini. Hilo ataliona kutoka barabara ya pili. Nikalipaka rangi nyeusi ya viatu. Nikalitazama kwa mbali: halionekani. Nikalitazama kwa karibu: suruali yangu nayo haionekani.

Mke wangu akauliza nani amemaliza rangi ya viatu. Nikasema panya. Akasema sawa, ila panya huyo alale mapema, maana kesho ana meno thelathini na manne ya kusukuma. Nikacheka ili asishuku kitu. Nilipofungua daftari hili kuandika, nikakuta uzi wa kurasa uko Jumatano. Mimi niliuacha Ijumaa.

Bahati mbaya tu. Upepo.

Jumapili, 9 Machi

Nimepanda! Mpaka kwenye tangi, mguu haukugusa chini, mashahidi wapo.

Sasa undani wake, kwa kuwa mimi ni mkweli. Gia ni nyepesi kweli. Miguu ilikwenda mbio kama cherehani, na baiskeli ikaenda mwendo wa mtu anayerudi kutoka sokoni. Shemeji alikuwa amesimama chini ya kilima na viatu vyake vya kutembea. Nilipompita hakubaki nyuma. Akaungana nami tu, bega kwa bega, mikono nyuma, wala hakuhema. Akasema, “Shemeji, tulikomea kumi na saba, sivyo?”

Kuongeza mwendo sikuweza. Kusimama sikuweza, mguu ungegusa chini. Nikasikiliza kiwanja namba kumi na saba mpaka ishirini na mbili, pamoja na rufaa. Kwa kinyozi nilipita katikati ya kumi na tisa. Kinyozi akasimama, akakiinua kigoda juu kama kombe.

Juu kabisa mke wangu alikuwa na chupa ya maji. Shemeji akanishika mkono, akasema asiyekubali kushindwa si mshindani, na yeye amekubali. Methali hiyo ilitungwa na mshindi fulani ili walioshindwa wanyamaze. Kwake imetumika upande usiofaa. Kisha akainamia gurudumu, akapitisha kidole, akakinusa. Akasema viatu vyangu leo vinang'aa. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari. Ushindi wa jana ulikuwa wa miguu yangu, iliyokomazwa na gia nzito Jumanne na Jumatano. Zaidi ya hayo, gia nyepesi imejifichua yenyewe: mtu hawezi kumkimbia shemeji wake. Naandika makala kwa jarida la mtaa. Asubuhi nimekwenda kwa fundi kudai meno yangu ishirini na moja. Alikuwa ameshayashusha kutoka kwenye msumari kabla sijasalimia.

Mchana nimetangaza mezani: Jumapili nitapanda tena kilima kile, kwa gia nzito, kwa masharti yaleyale. Hakuna aliyenizuia. Wamepeana mkate.

Na sasa nawageukia ninyi wawili mnaosoma daftari hili ninapooga, maana leo ukurasa wa Jumamosi una makombo. Shemeji: Jumapili viatu vyako vibaki mlangoni, na viwanja kuanzia ishirini na tatu vibaki kichwani mwako. Na wewe, mke wangu: mwambie kinyozi akirudishe kile kigoda ndani.