Upande wa Kushoto wa Kichwa cha Mheshimiwa

Sogeeni karibu, enyi wenye masikio na subira, mliokaa kwenye mabenchi ya kungojea na mliochoka kungojea mkaenda zenu. Wekeni shughuli kando, zimeni redio, na anayegonga mlango mwambieni arudi baadaye. Nataka kuwasimulia vita. Si vita vya mikuki wala vya farasi, maana mtaani kwetu hapana farasi, na mkuki uliopo ni mmoja tu, nao umeshikilia bati la choo cha jirani. Ni vita vilivyopiganwa asubuhi ya Jumamosi, ndani ya chumba kimoja chenye kioo kirefu na kiti cha kuzunguka, juu ya kichwa cha mtu aliye hai na mashuhuri. Nami nilikuwapo, nimekaa kwenye benchi nikisubiri zamu yangu ya kunyolewa, na zamu yenyewe siku ile sikuipata. Ee ulimi wangu, kaa sawa. Tia chumvi, lakini usimwage kopo.

Shujaa wa vita hivyo ni kinyozi wetu, Simba wa Visogo, Mnyoosha Ndevu za Mabwana Harusi, mtu ambaye mkono wake haujapata kukata sikio la mtu, ukiacha la shemeji yake, na huyo shemeji aligeuka mwenyewe. Mlango wa kinyozi ulitazamana na Hospitali Mpya. Ngome gani ile, jamani. Ghorofa zilizopanda kushindana na mawingu, madirisha yaliyokuwa bado yamevaa nailoni, na lango la chuma lililozinduliwa na Mheshimiwa mwenyewe kwa mkasi na utepe. Lilipokwisha kuzinduliwa lango, alirudi akazindua ukuta; ukuta ulipozoeleka, akaja akazindua kibao chenye picha ya hospitali jinsi itakavyokuwa. Wagonjwa tu ndio hawakuzinduliwa. Waliokuwa wakilala mle ndani ni popo, na mbuzi wa mama muuza mkaa, aliyependa sana chumba cha upasuaji kwa sababu ya ubaridi wake.

Na sababu za kuchelewa zilitujia kama mawimbi ya majeshi, moja likianguka jingine lasimama. Mwanzo ilikuwa mvua. Mvua ilipokatika, likawa jua kali, lililokausha saruji kabla ya wakati. Kisha lifti ikawa baharini, ikakaa huko muda mrefu hata tukaanza kuionea huruma. Mwishowe hapakuwa tena na sababu, pakabaki neno moja tu, kubwa na la mviringo, lisilo na pa kushikia: mchakato. Mchakato unaendelea, tuliambiwa, nasi tuliuheshimu kama mtu anavyouheshimu ugonjwa asioujua.

Lakini dada yake kinyozi hakuweza kuusubiri mchakato. Uchungu ulimshika asubuhi, hospitali iliyo wazi ikiwa mbali, gari likiwa moja tu, nalo limejaa kabichi za kupeleka sokoni. Mtoto alizaliwa njiani, juu ya kabichi, mzima kabisa, na mpaka leo shuleni humwita Kabichi. Sisi hucheka tukisimulia. Mama yake hacheki. Na Jumamosi ile ninayoisema, mke wa kinyozi naye alikuwa mjamzito, mwezi wa nane, ameketi karibu na mlango akifua taulo za kazi kwenye beseni, na kila alipoinua uso aliiona ngome ile na nailoni zake zikipepea.

Basi sikilizeni jinsi adui alivyoingia. Watu walikuwa wamekusanyika langoni pa hospitali tangu asubuhi, wengine na viti vyao, maana ilitangazwa kuwa Mheshimiwa, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, atakuja kueleza kinagaubaga kwa nini kazi haiishi, na kwamba kamera za televisheni zitakuwapo. Kwa sababu ya hizo kamera, alitaka kwanza kichwa chake kitengenezwe. Gari lake jeusi likasimama, dereva akafungua mlango, na Mheshimiwa akaingia kwa kinyozi kama jua linavyoingia chumbani, bila kubisha hodi. Nikapisha zamu. Nani angekataa?

Hapo Simba wa Visogo akajivika silaha. Akakung'uta kitambaa, kikalia kama tanga. Akamfunga nacho Mheshimiwa shingoni. Akatwaa kitana, akakipuliza. Akaitwaa mashine ya kunyolea, ile nyeusi inayonguruma, akaipaka mafuta, akaiwasha, nayo ikatoa mlio ambao hata nzi waliuheshimu. Akaanza upande wa kulia. Mashine ilipanda kutoka sikioni hadi utosini kama jeshi lililozoea ushindi, na nywele zikaanguka makundi kwa makundi.

Mheshimiwa, akiwa kitini, alikuwa akiifanyia mazoezi hotuba yake. Akatueleza kuwa mradi umehujumiwa. Kwamba aliyemtangulia aliacha msingi mbovu. Kwamba mkandarasi ni mzembe na wadau hawakushirikishana. Alikuwa na sauti nzuri, lazima niseme kweli. Nilijikuta nami nimemkasirikia mkandarasi.

Ndipo umeme ulipokatika. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Upande wa kulia wa Mheshimiwa ulikuwa laini kama yai, na upande wa kushoto ulisimama vilevile, mweusi na mzito. Akajitazama kiooni. Sijawahi kumwona mtu akijitazama namna ile.

Akauliza kuna nini. Kinyozi akamweleza kwa upole kwamba ndiyo kawaida: hospitalini hawana transfoma, kwa hiyo wameunganisha waya kwenye nguzo ya mtaa, na wakiwasha pampu yao ya maji, mtaa mzima huzimika. Pengine leo wanasafisha ngazi kwa ajili ya ugeni wake.

Mheshimiwa akafura. Akasema huo ni uhujumu mtupu, na aliyefanya hivyo atamtambua. Kwa kuwa mikono ya Mheshimiwa ilikuwa chini ya kitambaa, mke wa kinyozi akafuta mapovu, akampigia mkandarasi kwa simu ya Mheshimiwa, akaishika karibu na uso wa mwenyewe, spika ikiwa wazi, na mkandarasi akapokea akiwa hukohuko ng'ambo ya barabara.

"Transfoma ya hospitali iko wapi?" Mheshimiwa akanguruma.

"Iko uwanja wa michezo, bosi," mkandarasi akajibu. "Tuliipeleka kwa ajili ya taa, ile fainali ya kombe lako. Ilikuwa irudi wiki iliyofuata."

"Nani aliagiza?"

Tulisikia hata maji ya ile pampu kwenye simu.

"Si ni wewe, mzee!"

Mke wa kinyozi akakata simu taratibu, akaiweka juu ya kabati, akarudi kwenye beseni lake. Mheshimiwa akamwita dereva na kumwomba kofia yake. Dereva akaitoa, lakini kichwa cha dereva kilikuwa kidogo, na kofia ikakaa utosini kama kifuniko cha chupa. Akaivua. Nje, watu walikuwa wameanza kupiga makofi ya kuharakisha. Akamuuliza kinyozi, kwa sauti ndogo ambayo hatukuizoea, kama hakuna njia nyingine.

Kinyozi akasema ipo. Akatoa mkasi. Sharti la mkasi ni moja, akasema, kichwa kitulie.

Naam, hapa ndipo vita vilipochachamaa, enyi wasikilizaji. Kwa maana Mheshimiwa hakuweza kukaa kimya, muda ulikuwa unakwisha na hotuba yake ilikuwa imevunjika katikati. Ikabidi aiunde upya palepale. Naye alikuwa na tabia aliyoipata majukwaani: akianza kukwepa neno, kichwa chake huyumba, huku na kule, kama mtu anayesalimia umati wa pande zote. Kinyozi akaondoa mkasi, akangoja.

"Makosa yalifanyika," Mheshimiwa akaanza, kichwa kikayumba.

"Yalifanyika yenyewe?" mke wa kinyozi akauliza, akikamua taulo.

"Yalifanywa, dada yangu. Yalifanywa na sisi sote."

"Mimi nilikuwa nafua taulo."

Kicheko kilinipanda nikakimeza. Mheshimiwa akajaribu tena, akasema kamati. Mwanamke akataka kujua mwenyekiti wa kamati ni nani. Mheshimiwa akasema mazingira ya wakati ule. Mkasi ukabaki hewani, bila hasira na bila haraka. Akasema kwamba ikumbukwe wananchi walihitaji burudani, na kichwa kikayumba vibaya hadi kinyozi akarudi nyuma hatua nzima, akasema, "Mheshimiwa, nisamehe, lakini ukisema hivyo siwezi kukata. Nitakuumiza."

Hakusema kwa kejeli. Ninamjua kinyozi wetu. Alikuwa anahofia sikio.

Mwanamke akainuka, mkono kiunoni, tumbo mbele. "Kaka yangu," akasema, "miye mwezi ujao nitapita pale langoni, au nitazalia juu ya gari la mtu. Sikuulizi utamtaja nani. Nauliza utasema nini."

Mheshimiwa akamtazama kupitia kioo. Kisha akasema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya, "Niliagiza mimi." Na kichwa, wallahi, kilitulia tuli. Mkasi ukaingia. Kwacha, kwacha, kwacha. "Niliagiza mimi ipelekwe uwanjani. Nilidhani hakuna atakayeona." Kwacha, kwacha. Upande wa kushoto ukaanza kusalimu amri, shada kwa shada. Akasema yote, na jinsi alivyoendelea kusema ndivyo alivyonyolewa vizuri zaidi, hadi mabaki ya mwisho nyuma ya sikio yakatoka pamoja na kukiri kwamba hiyo lifti haikuwahi kuwa baharini. Kinyozi akampaka spiriti. Mheshimiwa akashtuka kidogo, akashukuru, akatoka.

Tukamfuata. Akapanda juu ya kreti lililogeuzwa kuwa jukwaa, kamera zikamwelekea, akafungua kinywa, na tukaona kichwa kinaanza kuyumba. Nilimwona kinyozi akishika mkono wa mkewe. Mheshimiwa akajishika shingo, mahali mkasi ulipopita, akasema, "Transfoma ya hospitali niliihamisha mimi. Kuchelewa huku ni kosa langu."

Umati haukujua la kufanya. Tulikuwa na makofi ya ahadi na zomeazomea ya visingizio; kwa jambo hili hatukuwa tumejiandaa. Mzee mmoja, aliyekaa kwenye kiti alichokibeba kutoka nyumbani, akaomba arudie, maana hakuwa na hakika kama amesikia vizuri. Akarudia. Kisha mama muuza mkaa akauliza itarudi lini, na Mheshimiwa, baada ya kusema kosa ni lake, hakuwa na pa kujificha. Akasema leo. Akapanda lori yeye mwenyewe na mkandarasi, na kabla jua halijazama transfoma ilikuwa imekaa mahali pake, imefungwa nyaya zake, nasi tuliisindikiza kwa vigelegele kama bibi harusi mnene.

Msidhani kila kitu kilinyooka. Ghorofa za juu bado zina nailoni. Kuna kamati mpya inachunguza ile ya zamani, na uchaguzi ukija Mheshimiwa atajieleza tena, mbele ya watu waliokwisha kuonja ladha ya kujibiwa. Lakini wodi ya wazazi ya chini, ambayo vitanda vyake vilikuwa bado vimefungwa makaratasi vikingoja umeme tu, ilifunguliwa bila utepe. Mbuzi alitolewa, akalalamika sana.

Na mwezi uliofuata, mke wa kinyozi alivuka barabara kwa miguu yake, akiwa ameshika begi, akikataa kushikwa. Taa zikawaka, maji yakatoka bombani, mkunga akaona vizuri alichokuwa akifanya. Simba wa Visogo alitembea ukumbini akiwa na mikono mitupu, asijue pa kuiweka. Kisha akaitwa ndani, akaonyeshwa binti yake, mwekundu, mwenye hasira, asiye na unywele hata mmoja kichwani. Akamwinamia. Mimi nilichungulia kutoka mlangoni, na hivyo naweza kuapa mbele ya vizazi vijavyo kwamba shujaa mkuu wa mtaa wetu alimpapasa utosini mara moja, kwa kidole, akasema hapa hana kazi bado, atangoja.