Pistoni za Baba na Ndoo ya Kostiki

Jumatatu, 4 Machi

Kikao cha familia kimekwisha. Kimekwisha vibaya. Kaka ametoa hukumu: pikapu ya marehemu baba isipounguruma kufikia Jumamosi, mnunuzi wa vyuma chakavu ataikokota. Mkewe, wifi yangu, alisikiliza akiwa na futi ya kupimia mkononi. Analitaka banda inamokaa pikapu kwa ajili ya cherehani zake. Aliniuliza tu, kwa upole wa kutisha, iwapo huko chuo kikuu nilikosomea falsafa tulifundishwa pia kushika spana. Nikamjibu kwamba falsafa hufundisha kufikiri. Akasema basi niifikirie hadi iwake.

Mama hakuchangia. Siku hizi hulala akiuelekea ukuta. Ila nilipomfunika shuka alisema angependa kuisikia tena mara moja tu, kama baba alivyokuwa akiingia nayo langoni. Nikaahidi. Sijui kwa nini huwa naahidi.

Jumanne, 5 Machi

Nimefungua injini. Hali ni ya kusikitisha, ingawa huenda neno hilo lina matumaini kupita kiasi. Pistoni zilikuwa zimeganda ndani ya silinda tangu mvua zilipoingia. Nilizilowesha jana kwa dizeli na mafuta ya breki kupitia matundu ya plagi. Leo nimezigonga kwa kipande cha mti. Zimetoka! Zote! Nikacheza peke yangu bandani. Wifi akachungulia, akauliza nimeumwa na mdudu gani.

Furaha ya kitambo. Ringi zinazozizunguka pistoni zimenasa kwenye mifereji yake, zimefunikwa na masizi magumu kama lami. Nikamwita fundi wa gereji ya jirani. Watu humwita Profesa, naye hajawahi kukanusha. Mimi mwenye shahada huitwa "wewe dada". Alizigeuzageuza pistoni, akasema ni nzima kabisa, zinahitaji kusafishwa kwa subira tu, na nimpelekee kesho. Nikakataa. Profesa akiiponya injini ya baba, sifa zitakuwa za Profesa.

Jumatano, 6 Machi

Uchunguzi wa kisayansi. Nilisimama juu ya ndoo, nikachungulia gereji ya Profesa kupitia juu ya ukuta. Siri yake ninayo! Ana pipa la maji aliyoyatia kostiki, ile ya kutengenezea sabuni. Alitumbukiza bloku ya chuma iliyooza kwa kutu na grisi. Ilitoka safi kama sahani ya mgeni.

Pistoni za mteja, hata hivyo, aliziweka kando juu ya gunia. Hizo alizikwangua kwa kijiti na mafuta ya taa, moja moja, huku akiimba. Nimelitafakari jambo hili kwa kina. Tafsiri inayowezekana: anavuta muda ili mteja aone jasho. Ipo tafsiri nyingine, bila shaka. Sikuitafuta.

Ndoo ikateleza. Kutoka ng'ambo ya ukuta Profesa akauliza kama nimepotelewa na kuku. Nikasema ndiyo. Hatufugi kuku.

Alhamisi, 7 Machi

Kostiki imepatikana. Nikaanza kwa tahadhari, kama inavyompasa msomi: bolti moja ya chuma. Ikang'aa. Nikahitimisha. Pistoni zote ndani ya ndoo!

Nilipozishika niligundua kuwa ni nyepesi ajabu, na chini ya masizi ni nyeupe, sawasawa na sufuria za wifi. Baba alipenda vitu vizuri. Punde mapovu yakaanza. Mapovu mengi mno! Ndoo ikapata moto. Dalili njema: uchafu unapigania roho yake.

Nimemwambia mama kwamba Jumamosi ataisikia. Aligeuka kutoka ukutani, akanitazama. Nimeziacha zilowe hadi asubuhi.

Ijumaa, 8 Machi

Masizi yameondoka. Sehemu kubwa ya pistoni nayo imeondoka.

Ringi zimeachia, hilo nalikiri kwa haki. Zinang'aa. Hazina cha kushika. Kilichobaki kinafanana na meno ya mzee.

Profesa alicheka hadi akaketi juu ya tairi. "Dada, umepika supu!" Kisha akaacha kucheka, akaniambia pole, akataka kunieleza sababu. Nikamwambia sababu naijua: nimeziloweka muda mrefu mno. Akaanza, "Alumini, dada, na kostiki..." Nikamshukuru kwa kufika. Alisema pikapu ya umri ule haina tena pistoni madukani.

Mama aliuliza tumefikia wapi. Nikasema karibu.

Jumamosi, 9 Machi

Lori la vyuma chakavu lilifika mapema. Nikabuni hila ya mwisho. Nilifungua dirisha la mama, nikamwinua kwa mito, nikamwambia asikilize. Lori likawashwa. Mngurumo mzito, kwa kweli wa kuridhisha!

Mama alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Hiyo siyo, mwanangu. Ya baba yako ilikuwa inakohoa kwanza." Kisha akaugeukia ukuta. Nilipofika uani, pikapu ilikuwa imekwisha kutoka langoni, nyuma ya lori, kimya.

Jumapili, 10 Machi

Wifi ameniletea chai bandani. Banda ni tupu. Futi ameiacha ndani. Akasema, "Wifi, ningekubali ikae. Ingewaka tu, ningekubali." Nadhani alimaanisha. Nimeona aibu kumfikiria vibaya wiki nzima, nami nimeamua kumlipa wema.

Zipo zile sufuria alizoachiwa na mama yake, aliyemzika miaka mingi iliyopita. Haruhusu mtu mwingine kuzigusa. Kwa nje zimeshika masizi meusi. Amekwenda kanisani na kaka. Kostiki imebaki ya kutosha.

Safari hii nina uzoefu. Kosa la Alhamisi lilikuwa muda, kwa hiyo nimeketi papa hapa kando ya ndoo, nazilinda. Akirudi atazikuta zimekuwa mpya.

Mapovu ni mengi mno. Ndoo inapata moto. Dalili njema.